FYUZI HAIMLINDI MTU: HESABU YA STIMA NI MALI YA MFANYI KAZI



Kila mahali pa kazi penye stima, majibu mawili husikika. Mtu wa mkono akimwuliza msimamizi, "Waya huu waweza kubeba mashine mbili kwa pamoja?" hujibiwa, "Hayo si yako. Yako ni kuchomeka." Akiuliza tena, "Sakafu imejaa maji, stima hii haitatuua?" hujibiwa, "Kuna fyuzi. Endelea na kazi."

Sisi twayakataa majibu yote mawili. La kwanza ni dharau. La pili si kweli, na uongo wa namna hii huua watu. Wala hatutayakataa kwa kupiga kelele peke yake. Tutayakataa kwa kalamu na karatasi, kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya ambayo mtoto wa shule ya msingi aweza kuifanya. Tena twasema wazi tangu mwanzo: anayemficha mfanyi kazi hesabu hii anamwibia mara mbili. Anamwibia mshahara wake, na siku mbaya ikifika anamwibia na roho yake.

HESABU YENYEWE NI HII

Stima ina mambo manne ya kujua. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa stima inayopita. Omu ni ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyoizuia stima isipite. Wati ni nguvu inayotumika, iwe joto, mwanga au kazi ya mashine. Fikirini tangi la maji lililowekwa juu ya dari. Kadiri tangi lilivyo juu ndivyo msukumo ulivyo mkubwa. Hizo ni volti. Maji yanayopita ndiyo ampea. Wembamba wa mfereji ndio omu. Mfereji ukiwa mwembamba, maji huwa machache. Ukiwa mpana, maji huwa mengi.

Katika mambo hayo manne, ukijua mawili, mengine utayapata mwenyewe:

Omu = volti gawanya kwa ampea.
Ampea = volti gawanya kwa omu.
Wati = volti zidisha kwa ampea.

Tuchukue birika kubwa la stima la kantini. Katika soketi za kawaida za Kenya msukumo ni volti 240. Mita ikionyesha kwamba birika linavuta ampea 10, gawanya 240 kwa 10: ukinzani wake ni omu 24. Zidisha 240 kwa 10: nguvu yake ni wati 2,400. Au tuchukue pasi iliyoandikwa wati 1,200 mgongoni. Gawanya 1,200 kwa 240: itavuta ampea 5. Gawanya 240 kwa 5: ukinzani wake ni omu 48. Na wati 1,000 zikitumika kwa saa moja, hiyo ndiyo uniti moja tunayoinunua kwa tokeni.

Siri yote ya ofisini ni hiyo. Je, ni ngumu kuliko hesabu ya ovataimu? Saa zidisha kwa kiwango, unapata shilingi. Hatumjui mwanachama hata mmoja asiyeweza kuhesabu ovataimu yake. Karani akipunguza shilingi kumi, mtu hurudi dirishani siku ile ile na kijikaratasi chake mkononi. Mwenye kichwa cha kuhesabu jasho lake ana kichwa cha kuhesabu ampea. Asiambiwe tena kwamba hesabu hii ni ya wenye tai.

FYUZI NA MTU

Sasa tuuchukue ule uongo wa fyuzi, tuuweke kwenye mizani.

Fyuzi ya plagi ya kawaida imeandikwa ampea 13. Maana yake ni kwamba itapitisha ampea 13 mchana kutwa bila kukatika. Hata ampea 20 zaweza kupita humo kwa muda mrefu. Kazi yake ni kuulinda waya usishike moto.

Mwili wa mtu je? Stima ikiingia mkono mmoja na kutokea mkono wa pili au miguuni, ukinzani wa mwili waweza kuwa kama omu 1,000 au 2,000, na ngozi ikilowa maji au jasho hupungua. Tushike 1,000. Gawanya 240 kwa 1,000. Jibu ni ampea 0.24, ambayo haifiki hata robo moja ya ampea.

Tazameni sasa. Fyuzi inangoja zaidi ya ampea 13. Mtu anayekufa anavuta 0.24. Mbele ya fyuzi, mtu huyo hayupo. Ni kama balbu ndogo ya wati 60, maana balbu hiyo nayo huvuta ampea 0.25. Nani amewahi kuona fyuzi ya 13 ikikatika kwa sababu ya balbu moja? Na kinachohitajika ili kumdhuru mtu ni kidogo kuliko hapo. Gawanya ampea moja mafungu 1,000, kila fungu ni miliampea moja. Kama miliampea 10 hutosha kukaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuuachia waya. Miliampea 100 zaweza kuuvuruga moyo na kuua. Fyuzi ya ampea 13 ni sawa na miliampea 13,000. Kwa hiyo bwana anayesema "kuna fyuzi, endelea" anamwekea mtu askari asiyemwona mwizi mpaka awe mkubwa kama nyumba.

Kifaa kinachomwona mtu kipo, nacho si kigeni. Ni ile swichi ya usalama inayopima stima inayokwenda na stima inayorudi. Zikitofautiana kwa miliampea 30, hukata mara moja. Linganisheni wenyewe: 30 na 13,000. Mahali pa maji, na mahali penye grainda na drili za kushika mkononi, kifaa hicho ndicho cha kudai.

Na ule waya wa tatu, waya wa ardhi, ambao wengine huukata ili plagi iingie upesi? Hesabu ni ile ile. Stima ikivuja na kugusa bodi ya chuma ya mashine, na njia ya ardhi ikiwa nzuri, tuseme yote ni omu 1, basi 240 gawanya kwa 1 ni ampea 240. Hapo fyuzi itakatika kufumba na kufumbua. Ukiukata waya ule, njia iliyobaki ni mwili wa mwenzako: omu 1,000, ampea 0.24, na fyuzi imelala usingizi. Na ardhi mbovu je, kama ile fimbo iliyochomekwa katika mchanga mkavu, yenye omu 100? Gawanya 240 kwa 100: ampea 2.4. Fyuzi bado imelala, na bodi ya mashine bado ina stima. Basi mtu asituambie "ardhi ipo" kwa kutuonyesha waya wa kijani na njano. Atuonyeshe omu zake kwenye mita.

Hesabu hii yaeleza pia kwa nini twadai viatu vya mpira, glavu na sakafu kavu. Vyote vinaongeza omu, na omu zikizidi ampea hupungua. Lakini kinga iliyo kubwa kuliko zote ni kuifanya volti iwe sifuri. Sifuri gawanya kwa chochote ni sifuri. Ndiyo maana twataka swichi kubwa izimwe, ifungwe kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwa yule aliyeweka mkono wake ndani ya mashine, kisha waya upimwe kabla ya kuguswa. Ufunguo usikae mezani kwa msimamizi.

WAYA NA KIUNGO

Jibu la kwanza lilikuwa, "Hayo si yako." Tuone kama si yetu.

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa omu 12.1 kwa kila kilomita moja. Ukiuvuta mita 50 kutoka soketi mpaka penye kazi, stima huenda mita 50 na kurudi mita 50. Hizo ni mita 100, yaani omu 1.21. Mashine ikivuta ampea 10, waya wenyewe unakula 10 mara 1.21, volti 12.1. Na joto linalobaki ndani ya waya ni volti 12.1 mara ampea 10, yaani wati 121. Ni kama balbu mbili za wati 60 zimefichwa ndani ya waya.

Sasa chomeka mashine ya pili ya namna ile ile. Ampea zimekuwa 20. Mtu atadhani joto limezidi mara mbili. Sivyo. Volti zinazopotea ni 24.2, na 24.2 mara 20 ni wati 484. Stima imeongezeka mara mbili, joto la waya limeongezeka mara nne. Ukiacha waya ule umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea. Hapo mpira huyeyuka, na moto ukizuka, wa kwanza kuulizwa ni yule yule aliyeambiwa kwamba kuuliza si kazi yake.

Kiungo kilicholegea ni kibaya zaidi. Tuseme skrubu ya soketi haikukazwa, pakawa na omu nusu mahali padogo kama ncha ya kidole. Ampea 10 zikipita hapo, volti 5 hupotea, na 5 mara 10 ni wati 50. Chuma cha kulehemu redio mara nyingi hakizidi hapo, na huyeyusha risasi. Na fyuzi yasema nini? Haisemi kitu, maana ampea hazikuzidi. Ni zile zile 10. Ndiyo maana soketi hubadilika rangi, hunuka, kisha huwaka, na fyuzi ni nzima. Anayelijua hili hukaza skrubu na hukataa soketi nyeusi. Anayefichwa hubadilisha plagi kila mwezi na kukatwa bei yake katika mshahara.

NANI ANAFICHA, NA KWA NINI

Waajiri wengine hawafichi kwa bahati mbaya. Tazameni amri za Serikali za kima cha chini cha mishahara. Kibarua wa kawaida ana kima chake. Juu yake yuko fundi asiye na gredi, kisha fundi wa Gredi III, wa Gredi II, na wa Gredi I. Ngazi hizo ni shilingi. Mtu akibaki "wa mkono" miaka kumi na mitano, huku akivuta waya, akifunga soketi na kubadilisha mota, mwajiri amepata fundi kwa bei ya kibarua. Na njia rahisi ya kumweka pale chini ni kuhakikisha kwamba akienda kwenye mtihani wa ufundi, mikono itajibu vizuri na karatasi itabaki nyeupe. Kumnyima hesabu ni kumnyima gredi, na kumnyima gredi ni kukata mshahara wake bila kuandika barua.

Lakini tusiwaseme waajiri tukanyamaza juu ya wenzetu. Wako mafundi wakongwe, wanachama wa Chama hiki, wanaomgeuzia kijana mgongo wanaposoma mita. Wanasema, "Nikimfundisha, kesho atachukua mkate wangu." Ndugu zetu, fikirini tena. Aliyechukua mkate wenu si kijana. Ni yule anayewaajiri vijana watano wasiojua kitu kwa bei ya mmoja wenu. Kijana akijua hesabu na kupata gredi, hawezi tena kutumiwa kuvunja bei yenu. Akibaki mjinga, yeye ndiye atakayewekwa mahali penu siku mtakapodai nyongeza. Isitoshe, ni yeye anayezima na kuwasha swichi wakati mikono yenu iko ndani ya mashine. Mwataka aliyeshika uhai wenu awe mjinga?

Wako pia wanaosema, "Mimi najua kwa mkono, sihitaji kalamu." Twauheshimu mkono wenu, maana mkono ndio uliojenga nchi hii. Lakini mkono huujua waya wa moto baada ya kuwa moto. Hesabu huujua kabla haujachomekwa.

HESABU HII ILITOKA WAPI

Wanaoifanya elimu hii iwe ya mabwana hawajui ilikotoka. Yule ambaye jina lake limepewa kipimo cha ukinzani, Georg Simon Ohm, alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli. Mzee huyo alijisomea mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe hesabu nyumbani. Ohm alikuwa mwalimu, akafanya majaribio yake kwa nyaya na vyombo alivyovitengeneza kwa ufundi aliourithi kwa baba. Alipotoa kitabu chake mwaka 1827, wakubwa wengi wa elimu wa nchi yake walikipokea kwa ubaridi, naye akaiacha kazi yake mjini Cologne. Ilipita miaka mingi kabla ya kuheshimiwa. Mwaka 1841 Royal Society ya London ilimpa nishani ya Copley. Na James Watt, ambaye jina lake limepewa kipimo cha nguvu, alikuwa fundi wa kutengeneza vyombo vya kupimia mjini Glasgow.

Basi elimu hii ilitoka mikononi mwa mafundi. Ikirudi kwa mafundi, imerudi kwao.

WATAKAYOTUJIBU

Watasema, "Hesabu yenu ni nusu, na nusu elimu ni hatari." Twajibu: mipaka yake twaijua, nasi tutaifundisha pamoja nayo. Hesabu hii husimama sawasawa kwa vitu vya joto, kama birika, pasi na hita. Mota ni jambo jingine. Ukipima waya wa ndani wa mota iliyosimama ukapata omu 2, usigawanye 240 kwa 2 ukasema itavuta ampea 120 ikizunguka, maana mota inayozunguka husukuma nyuma. Na wati za mota si volti mara ampea tu. Lazima uzidishe na ile namba ya pawa fakta. Mota ya nyaya tatu za volti 415, ikivuta ampea 10, na namba hiyo ikiwa 0.8, hutumia 1.73 mara 415 mara 10 mara 0.8, karibu wati 5,750. Balbu ya waya nayo, ikiwa baridi, huonyesha omu chache sana kuliko ikiwaka. Haya nayo ni ya kufundishwa. Ikiwa nusu elimu ni hatari, dawa yake ni kuleta nusu ya pili. Kuondoa hata ya kwanza si dawa.

Watasema pia kwamba hakuna wakati wala fedha. Twawakumbusha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyi kazi habari, maelezo, mafunzo na usimamizi ili wawe salama. Sheria hiyo hiyo yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu atoe habari kwa msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi penye hatari kabla haijaondolewa. Lakini ndugu, atawezaje kuieleza hatari asiyeweza kuihesabu? Akisema "naogopa", wataandika kwamba ni mvivu. Akisema "sakafu ina maji, hakuna kifaa cha miliampea 30, na fyuzi hii ni ya 13,000", watakaa kitako na kumsikiliza.

TWADAI HAYA

Kwanza, kila mfanyi kazi anayegusa waya, awe fundi au mtu wa mkono, afundishwe hesabu hii ndani ya saa za kazi zinazolipwa.

Pili, kila kikosi kiwe na mita ya kupimia volti, ampea na omu, na isifungiwe kabatini.

Tatu, soketi zote za mashine za mkononi, na zote za mahali pa maji, ziwe na swichi ya usalama ya miliampea 30, na waya wa ardhi upimwe na namba yake iandikwe ukutani.

Nne, mtu aliyefanya kazi ya ufundi apelekwe kwenye mtihani wa gredi kwa gharama ya mwajiri, na akifaulu alipwe kwa gredi hiyo.

Tano, asifukuzwe wala kuonywa mtu aliyesema, "Nimepiga hesabu, waya huu hautoshi." Anayempinga naye alete hesabu yake.

Na sisi Chama tunalo la kufanya bila kungoja mtu. Kila tawi liwe na darasa lake. Mafundi wakongwe wawe walimu, na vijana walete daftari. Kila mwakilishi wetu wa kazini azijue zile kanuni tatu kama anavyoyajua mapatano ya mishahara, na aende nazo katika mkutano na waajiri. Anayesoma gazeti hili na alikate, abandike zile kanuni ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, azisome kila asubuhi anapovaa ovaroli.

Msimamizi akisema tena "kuna fyuzi", mwulizeni: ya ampea ngapi, na mimi ni omu ngapi? Kisha mpeni kalamu.

Umoja ni nguvu.